Ilunga wote ni ndugu? Uzi kwa wanaodhani ni jina la ukoo

MwanaKamalondo (Lubumbashi)
Wakuu, kwenye uzi wa soka kuna mtu kauliza kama Hérita Ilunga, yule beki aliyecheza West Ham, ni mtoto wa Mwepu Ilunga wa Kombe la Dunia la 1974. Mwingine akamjibu kwa uhakika kabisa kwamba "ukoo wa Ilunga wa Katanga ni ukoo wa michezo", akamtia humo Ilunga Makabu bondia, na juu yake waziri mkuu wa zamani Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Nilicheka peke yangu kwenye basi. Lakini kosa si lao. Mtu wa Dar au Mombasa akiona jina limekaa mwisho anajua hilo ni la baba au la babu wa baba. Huku kwetu Kongo, ukimtafuta mtu kwa kanuni hiyo utampoteza.

Nasema hivi: Ilunga ni jina la mtu. Anapewa mtoto, linatoka kwa babu, mjomba, rafiki wa baba aliyefariki, yeyote ambaye nyumba inataka aendelee kuitwa. Mdogo wake tumbo moja anaweza kuwa Kasongo, dada yao Ngoie, na wote ni wa baba mmoja anayeitwa Banza. Kwa hiyo Ilunga wawili wakikutana Lubumbashi hawaulizani "wewe ni wa tawi gani?" Wanaitana somo, wanacheka, kila mtu anaenda zake.

Ushahidi uko kwenye ndondi hapo hapo. Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, alitwaa ubingwa wa WBC uzito wa cruiser mjini Kinshasa Januari 2020 kwa kumpiga Michał Cieślak wa Poland. Mdogo wake ni Martin Bakole, yule wa uzito wa juu aliyemwangusha Jared Anderson huko Los Angeles Agosti 2024. Jina kamili la mdogo ni Martin Bakole Ilunga. Haya, niambieni nyinyi wa kanuni ya jina la mwisho: kaka ni Makabu, mdogo ni Ilunga. Baba yao mmoja. Ukoo wao ni upi?

Nitaendelea, kuna habari ya zamani ambayo ndiyo tamu.

Kipepeo255 (Dar es Salaam)
Mkuu hapo umetuchanganya vizuri. Sasa shuleni mwalimu anawaitaje? Na hela ya mirathi je?

YayaKatuba (Lubumbashi)
Papa, ile Kiswahili yako ni ya ku Tanzania kabisa, unataka kutuonyesha kama ulisoma 😂 Miye nasema tu hivi: ku nyumba yetu mama yangu alikuwa anaita mutoto wake wa kiume "papa". Juu ya nini? Juu ule mutoto alibeba jina ya baba yake mama. Hawezi kumupiga kofi ovyo, eti atapiga baba yake. "Papa, kuya kula bukari (ugali yenu)." Mutoto wa miaka ine! Njo vile jina inafanya huku.

MwanaKamalondo
Yaya asante, umesema kwa maneno machache nililokuwa nataka kulisema kwa ukurasa mzima. Jina linarudisha mtu. Ndiyo maana halifanyi kazi ya ukoo: ukoo unakusanya watu wengi chini ya jina moja, hili linamchukua mtu mmoja linamweka ndani ya mwingine.

Kipepeo, mwalimu anaita jina la kwanza kwenye orodha, yaani lile linaloandikwa "nom". La pili linaitwa "postnom", halafu "prénom" ndilo la ubatizo: Joseph, Sylvestre, Hérita. Mirathi watu wanajuana kwa uso na kwa mashahidi, na karatasi ya kuzaliwa ina jina la baba na la mama. Haijawahi kutupotezea mtu.

Sasa habari ya zamani. Kila Ilunga unayemwona, awe wa Katanga au wa Kasai, jina lake linarudi kwa Kalala Ilunga, shujaa wa masimulizi ya Waluba, kabila la mikoa hiyo miwili. Kabla yake alitawala Nkongolo, mtu mwekundu, wa upinde wa mvua, mlevi, mkatili, anayekula mbele ya watu huku akicheka mdomo wazi. Akatokea mashariki mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe, mweusi anayeng'aa, mtu wa adabu. Alipokaribishwa chakula alikataa kula hadharani. Walibaki wanashangaa mgeni gani huyu anayesusa. Kumbe kwao mkubwa hali mbele ya macho ya watu. Mbidi akazaa na Bulanda, dada yake Nkongolo, kisha akaondoka kurudi kwao. Mtoto ndiye Ilunga. Alipokua akawa kalala, yaani kiongozi wa vita, cheo hicho kikashikamana na jina lake hadi leo.

Alivyowika kuliko mjomba, mjomba akaingiwa na wivu. Akachimbisha shimo, chini yake mikuki imesimama, juu wametandika mkeka. Akamwita mpwa wake aje acheze ngoma mbele ya watu. Mpiga ngoma alijua. Hakuweza kusema kwa mdomo, akasema kwa ngoma: midundo ikamwambia Ilunga angalia unapokanyaga. Ilunga akacheza akisogea, akisogea, akauchoma mkeka kwa mkuki, mkuki ukazama. Hapo hapo akaruka juu ya vichwa vya watu, mbio hadi Lualaba, akavuka kwenda kwa baba yake, na wenye mitumbwi akawaagiza wasimvushe mtu nyuma yake. Aliporudi alirudi na jeshi. Nkongolo akakatwa kichwa. Kutoka hapo ndipo ufalme wa Waluba unahesabiwa, na mfalme akaanza kula peke yake.

Wazee wa chama cha Mbudye walikuwa wanayasimulia haya wakiwa wameshika lukasa, ubao mdogo unaoenea mkononi, umepigiliwa shanga na makome. Msimuliaji anapitisha kidole juu ya shanga, hapa ni Nkongolo, hapa ni Mbidi, hapa ni mto. Hakuna herufi hata moja.

Na sasa mnisikilize vizuri nyinyi wa soka. Yule beki wa West Ham jina lake refu ni Hérita Nkongolo Ilunga. Yaani mjomba na mpwa waliowindana kwa mikuki wamekaa kwenye pasipoti moja, wakacheza pamoja upande wa kushoto Saint-Étienne, Toulouse na London. Ukimwambia Mluba atacheka kabla hujamaliza.

Kipepeo255
😂😂 Ndiyo maana alikuwa anapanda na kurudi, mmoja anamfukuza mwenzake.

Shangazi_Kadutu (Bukavu)
Mwanangu umesimulia vizuri. Lakini umeruka maana yenyewe. Mimi nilisoma zamani kwamba "ilunga" ni neno gumu kuliko yote duniani kulitafsiri: mtu anayesamehe kosa la kwanza, la pili anavumilia, la tatu hasamehi tena. Ilitangazwa hata na BBC. Kwa nini hukuitaja?

MwanaKamalondo
Shikamoo shangazi. Nilikuwa naikwepa, ila umenishika.

Ilikuwa Juni 2004. Kampuni moja ya tafsiri ya London iliwauliza wafasiri kama elfu moja, ikatoa orodha, na "ilunga" ya Kiluba ikashika namba moja. Maana waliyoiweka ni hiyo hiyo uliyoitaja. Ikazunguka dunia nzima, mpaka leo iko kwenye mabango ya mapambo na kwenye meseji za asubuhi. Shida yake ni ndogo tu: huku wanakolitumia hakuna mtu anayesema "jirani yangu ni ilunga sana, ameniacha mara mbili". Ukilitamka sokoni Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, watageuka wanaume watano, si kwa sababu wamesamehe mtu.

Chenye mzizi ni kitenzi. Kiluba kina kulunga, na ninyi mnaosema Kiswahili mnacho tayari, ila mmeacha herufi njiani. Kiluba kulomba, Kiswahili kuomba. Kiluba kuluma, Kiswahili kuuma. Kiluba kulunga, Kiswahili kuunga. Wanaolieleza jina kwa njia hiyo wanasema Ilunga ni aliyeunga: damu ya Nkongolo kwa mama, damu ya Mbidi kwa baba, mito miwili ikawa mmoja. Mimi naliafiki hilo kuliko lile la London, maana linakaa ndani ya hadithi. Ila hata hivyo mzazi anayemwita mtoto Ilunga leo hafikirii kuunga kitu. Anamfikiria baba yake.

Birere_Boy (Goma)
Sasa hilo la makosa matatu nimelipenda, msilifute. Ilunga Makabu alipigana na Tony Bellew Liverpool, Mei 2016, uwanja wa Goodison Park. Raundi ya kwanza Makabu alimwangusha Bellew chini. Ya pili wakavumiliana. Ya TATU Makabu akalala. Hiyo ndiyo tafsiri 😅

MwanaKamalondo
Nimekubali kushindwa kwa pointi 😂

Birere_Boy (Goma)
Mimi nina swali la kweli lakini. Kwetu huku Goma Wanande wana majina yanayokuambia kitu. Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Ukiingia ofisini ukasema unamtafuta Kambale, watakuuliza Kambale yupi, maana wako mlango mzima. Hao nao si ukoo mmoja. Je, Ilunga nayo inaonyesha nafasi ya kuzaliwa?

MwanaKamalondo
Hapana, hiyo ndiyo tofauti. Waluba wanayo majina ya namna ya kuzaliwa, ila Ilunga haimo. Mapacha wa Katanga ni Kyungu na Kabange, wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Hayo huchagui, mtoto anakuja nayo. Mujinga ni aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni.

Kipepeo255
Subiri. MUJINGA? Dada wa watu anaitwa Mujinga na hamna anayecheka?

YayaKatuba
Weye ucheke tu, hapa Mujinga beko mingi na beko na akili kukupita. Kuzinga, kuzunguka, unaona? Si mjinga yenu ya ku Dar.

MwanaKamalondo
Yaya amemaliza. Ilunga iko kwenye fungu lingine, la majina ya kurithi kutoka kwa mtu: Ilunga, Kasongo, Kabongo, Mutombo, Kalonji, Ngoie. Na ukiona "wa" katikati, hapo ndipo mtu anaonyesha baba. Ilunga wa Ilunga si kosa la karani. Ni Ilunga mtoto wa Ilunga. Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, alifariki 2024, jina lake refu liliishia na Wamutombo, hiyo "wa" ikiwa imegandishwa ndani.

Mwalimu_Kasapa (Lubumbashi)
Naomba niongeze jambo ambalo vijana hamlijui. Jina hili halikukaa kwa Waluba peke yao. Masimulizi ya Walunda yanasema mwindaji wa Kiluba, Chibinda Ilunga, alifika kwa malkia Lueji, naye akamwoa. Lueji alimpa bangili ya utawala, lukano. Kaka zake, Kinguri na Chinyama, hawakuvumilia kutawaliwa na mgeni, wakaondoka na watu wao kwenda magharibi, upande wa Angola ya leo. Kutoka kwa ndoa ile ndipo wanapatikana wafalme wa Walunda, Mwata Yamvo, ambao makao yao ni Musumba hadi sasa. Wachokwe wakamfanya Chibinda Ilunga kuwa mfano wa mwindaji kamili; sanamu zake za mbao, kichwa kikubwa chenye kofia ya kifalme, fimbo mkono mmoja na bunduki au pembe ya dawa mwingine, zimetawanyika kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Moja iko kwenye jumba la Kimbell, Fort Worth, Texas.

Kwa hiyo ukimkuta Ilunga Dilolo, mpakani na Angola, au ng'ambo ya mpaka usimwambie "wewe Mluba umepotea". Jina lilifika kabla ya mpaka.

Tena wafalme wa Waluba wenyewe walilirudiarudia: Ilunga Sungu, Ilunga Kabale. Huyu wa pili alikufa karibu 1870, na baada yake watoto walipigania kiti wakati misafara ya pembe na watumwa imeshaingia. Ufalme haukurudi tena kuwa ulivyokuwa.

Birere_Boy
Mwalimu asante. Sasa Mwepu naye? Jina la ukoo ni Mwepu au Ilunga? Tovuti moja inaandika hivi, nyingine inageuza.

MwanaKamalondo
Hapo unaingia kwenye siasa ya Mobutu. Januari 1972 alifuta majina ya Kizungu. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Padri akibatiza kwa jina la kigeni alitishiwa jela. Kwa hiyo timu ya Zaire ilipokwenda Ujerumani Magharibi 1974 hakuna Joseph, hakuna Pierre. Kila mchezaji ana majina mawili ya nyumbani, na Wazungu wenye orodha hawajui lipi ni lipi. Ndiyo maana vitabu vingine vina Mwepu Ilunga, vingine Ilunga Mwepu. Swali la "ukoo ni upi" halina jibu kwa sababu hakuna hata moja lililokuwa la ukoo. Pembeni tu: Mwepu nalo limevuka, Enock Mwepu wa Zambia alicheza Brighton mpaka ugonjwa wa moyo ukamlazimisha kuacha mpira 2022. Huyo kwao ni jina la familia kweli.

Na kwa kuwa mmemtaja, mzee wetu huyu Mwepu alikuwa wa klabu ya Mazembe, ya mtaa wangu, kwa hiyo mniruhusu. Dunia inamkumbuka kwa jambo moja: mechi na Brazil, Gelsenkirchen, Wabrazil wanajiandaa kupiga faulo, filimbi inalia, yeye anachomoka ukutani anaupiga mpira mbali. Refa Rainea wa Romania akampa kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya walisema Waafrika hawajui sheria. Mtu aliyekuwa kwenye kikosi cha mabingwa wa Afrika mwaka huo huo hajui faulo? Alieleza baadaye kwamba alijua vizuri, alikuwa na hasira, hawakulipwa pesa zao, na walikuwa wameshafungwa 9-0 na Yugoslavia. Kwenye mechi hiyo ya mabao tisa ndipo refa alimtoa mchezaji mwenzake, Ndaye Mulamba, kwa kosa lililofanywa na Mwepu. Kwa refa wote walikuwa sura moja. Walimaliza bila bao, 2-0, 9-0, 3-0, wakarudi. Alifariki Kinshasa Mei 2015.

Shangazi_Kadutu
Hiyo ya kumtoa mtu asiye na kosa imeniuma kuliko tisa bila.

Mwalimu_Kasapa
Kuna lingine zito kidogo, na nitalisema kwa kifupi kwa sababu mji huu bado una watu walioliona. Miaka ya 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga. Pale Likasi familia zililala stesheni wakisubiri treni ya kwenda Kasai. Wakati ule watu walisomana majina. Ukiwa Tshi- mwanzoni umejulikana wa wapi. Ki- au Kya- ni wa huku. Lakini Ilunga, Kasongo na Ngoy ni wa pande zote mbili. Aliyeitwa Ilunga tu angeweza kupita, mpaka waulize jina la pili, au wamsikilize anavyotamka Kiswahili. Jina la yule anayesemwa aliunga watu wawili likawa la kuulizwa barabarani. Sisemi zaidi.

YayaKatuba
Njo vile, mwalimu. Njo vile kabisa.

Dada_Bruxelles (Ubelgiji, kwetu Kampemba)
Naingia kuchelewa. Mimi naishi huku na nataka mtu aniambie la kufanya. Mume wangu ni Ilunga kwenye "nom". Mtoto wa kwanza alizaliwa Lubumbashi, tukamwita jina la baba yangu, halafu Ilunga tukaiweka "postnom". Wa pili alizaliwa huku, wakaandika Ilunga moja kwa moja kama jina la familia, hawakutuuliza. Sasa uwanja wa ndege kila safari wananiuliza kwa nini watoto hawafanani majina na kama huyu mmoja nimemwiba. Mzee mmoja wa dawati alinishikilia mpaka ndege ikaanza kuita. Nibadilishe la mkubwa?

MwanaKamalondo
Pole dada. Swali lako ndilo linalonikera zaidi kwenye mambo haya. Kwetu Sheria ya Familia ya 1987 inataka jina lichukuliwe katika utamaduni wa nchi, na wazazi ndio wanaochagua. Haikudai watoto wote wafanane. Ubelgiji inadai. Kwa hiyo Ilunga akivuka anageuzwa ukoo apende asipende, na vizazi viwili vijavyo kutakuwa na "familia ya Ilunga" ya kweli pale Brussels, yenye matawi.

La mkubwa mimi nisingeligusa. Ni la baba yako, na umeshasema mwenyewe. Tembea na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako na la mume wako, iliyotafsiriwa na kugongwa mhuri, pamoja na cheti cha ndoa, na kama anasafiri na mzazi mmoja, barua ya ruhusa ya mwenzake iliyothibitishwa komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa. Weka kwenye mfuko mmoja na pasipoti, si ndani ya sanduku linaloingia mzigoni. Wakiuliza, toa karatasi kabla ya kueleza. Ukianza na hadithi ya babu watakuweka pembeni.

YayaKatuba
Na yule mudogo umuite tu jina ya mukubwa moja ya nyumba, hata kama haiko ku karatasi. Ku nyumba banajua.

Dada_Bruxelles
Tayari, yaya. Tunamwita Kalala.

Birere_Boy
Mwalimu, zile sanamu za Chibinda Ilunga, bunduki inatoka wapi kama mtu mwenyewe ni wa karne za zamani hivyo?

Mwalimu_Kasapa
Swali zuri. Wachongaji walikuwa Wachokwe wa karne ya 19, wawindaji wa tembo, na wakati wao mwindaji mkubwa ni mwenye bunduki ya gobole. Wakamvisha Ilunga silaha ya zama zao.